Boti ya faiba ya mjomba imelala Himbi tangu 2021: nianzie wapi na dola 700?

Kijana wa Himbi

Jambo sana kwenu wote wa ziwani.

Mimi natengeneza simu Birere, hapa Goma. Boti sijawahi kutengeneza, hata mtumbwi. Lakini sasa ninayo moja na sitaki kuikosea.

Mjomba wangu alikuwa na boti ya faiba, urefu mita 5.20, upana mita 1.90, viti viwili mbele na benchi nyuma. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji, alipitia Sake na watoto na hakurudi tena kuishi Goma. Boti ilibaki kwenye parseli yake huku Himbi, mtaa wa Goma kando ya ziwa, juu ya mawe ya lava, imeegemea ubavu wa kushoto, bila kufunikwa. Mwezi uliopita amenipigia simu: ni yako, ukiweza itengeneze, usipoweza iondoe pale.

Nilipoingia ndani mara ya kwanza ilikuwa imejaa maji ya mvua hadi kwenye viti, na vyura walikuwa wameshazaliana. Nimeyatoa yote kwa bidoni (dumu) iliyokatwa. Chini ya usukani sakafu inabonyea kama godoro. Nyuma, pale motere inapofungwa, nikishika ukingo wa juu na kuvuta, unacheza. Kwenye kona kuna nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na chini ya tumbo lava imekwangua hadi nyuzi zinaonekana. Tulijaribu kuiinua vijana wanane, haikutoka chini.

Mama yangu anaishi kisiwa cha Idjwi, upande wa kaskazini. Ana presha, na kila mwezi anavuka kuja hospitali Goma kwenye boti ya mbao, katikati ya magunia, anafika ameloa. Nataka niwe namchukua mwenyewe. Basi.

Nina dola 700, na naweza kuongeza 50 kila mwezi. Kuna mtu anauza Yamaha 40 ya mitumba kwa dola 650. Nimewaza hivi: ninunue motere kwanza kabla haijaondoka, kisha nikate sakafu pale inapobonyea niweke tripleksi (plaiwudi) mpya, nipake rangi, niingie majini kabla ya mvua za Septemba. Rafiki zangu wananiambia faiba haiozi, kwa hiyo kazi ni ndogo. Ninyi mnaojua, mnasemaje?

Motere wa Bandarini

Ndugu, hiyo motere iache.

Kwanza, Yamaha 40 nzima kwa dola 650 ina sababu yake, na sababu hiyo utaijua ukishalipa. Pili, inapita kilo 70. Unataka kuitundika kwenye ubao unaocheza kwa mkono wako? Siku utakapoifungulia mafuta yote katikati ya Goma na Idjwi, itang'oka na ubao wake. Kivu ina kina kinachopita mita 470. Hakuna atakayeifuata huko.

Tatu, jambo ambalo wauzaji hawasemi: ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Motere ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo 40 yako hapa inafanya kazi kama 34. Na ikiwa imetoka pwani bila kurekebishwa inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata: buji (plagi) inatoka nyeusi, ina unyevu, na mtu anaanza kupunguza oili kwenye mchanganyiko akidhani oili ndiyo tatizo. Hapo ndipo anapoua pistoni. Dawa ni jikleri ndogo zaidi, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, na elisi, yaani pangaboi, yenye pichi (mlalo wa mapanga) ndogo zaidi, ili motere ifike kwenye mizunguko yake, 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Oili usiiguse.

Leo pima kitu kimoja tu: urefu wa tablo ya nyuma, ule ukuta motere inapofungwa, kutoka ukingo wa juu hadi chini ya tumbo katikati. Ikiwa ni kama sentimita 38, unahitaji motere ya mguu mfupi. Ikiwa 51, mguu mrefu. Watu wengi wananunua kwanza, wanapima baadaye.

Papa wa Muhumba

Mwanangu, nakuandikia kutoka Bukavu. Nilifundisha fizikia miaka 31, na boti yangu ya faiba, mita 4.90, niliifufua kati ya 2013 na 2014. Ilinichukua miezi 14, mshahara wa mwalimu ukiingia kidogo kidogo. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu habari ya mama yako imenigusa, na kwa sababu mpango wako, ukiufuata ulivyo, utazimwaga dola 700 ziwani.

Rafiki zako wanasema kweli, faiba haiozi. Zinazooza ni mbao zilizofungwa ndani yake. Boti kama yako ni ganda la milimita tano au sita, na ganda peke yake linanepa kama bati. Kinacholikaza ni mifupa: ubao mnene wa tablo ya nyuma, zile boriti mbili au tatu zinazolala chini ya sakafu kutoka nyuma kwenda mbele, na sakafu yenyewe. Hiyo yote ni mbao iliyovikwa faiba. Fundi wa kwanza alitoboa tundu la skrubu kufunga kiti, hakuziba vizuri, maji yakapata mlango. Na maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi. Chumvi ya bahari inasaidia mbao isioze haraka. Mvua ya Goma haina chumvi. Miaka yote hiyo boti yako imekuwa beseni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja, fanya uchunguzi. Hauna gharama. Chukua turnevisi (bisibisi) kubwa, ishike upande wa chuma, na gonga kwa mpini wake kote: tablo, sakafu, ubavuni, tumbo. Gonga kila sentimita tano. Pazuri panalia kavu na kwa ukali, *ta, ta, ta*. Palipooza au palipoachana panalia *bu*, kama mtungi uliofunikwa kitambaa. Zungushia chaki. Kisha chukua mashine ya kutobolea, ncha ya milimita 5, utoboe tablo kutoka ndani, usifike nje. Toboa juu, katikati, chini kabisa. Angalia unga unaotoka. Mbao nzima inatoa unga mweupe mkavu. Iliyooza inatoa uji mweusi wenye harufu ya uyoga. Fanya hivyo hivyo kwenye boriti, kisha urudi hapa utuambie.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu liligharimu miezi mitatu na sitaki likupate.

Nilipofungua sakafu nikakuta boriti zote tatu zimeoza. Nilifurahi kupata kazi ya kufanya likizoni, nikazing'oa zote siku moja. Boti ilikuwa imekaa juu ya miti miwili tu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Bila mifupa, tumbo lilishuka katikati ya miti hiyo, kidogo sana, sentimita moja na nusu labda. Kwa jicho sikuona kitu. Nikajenga boriti mpya kwa kufuata tumbo lilivyokaa, nikafunga kila kitu, nikapaka rangi. Siku ya kwanza majini, nje ya ghuba ya Bukavu, nikaongeza mafuta: badala ya kuinuka na kuteleza juu ya maji, pua ilikuwa inapanda na kushuka bila kutulia, ikipiga maji. Nilirudi taratibu sana, mke wangu akiwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Lile tumbo lililoshuka sentimita moja na nusu lilikuwa limegandishwa ndani ya boti yangu milele. Nililazimika kukata sakafu mpya, faiba mpya, kila kitu, na kuanza tena.

Wewe ondoa boti kwenye lava kwanza. Ikalishe juu ya matairi ya zamani ya gari, manane au kumi, tumbo lipumzike pote. Kisha chukua mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, ule waashi wanaotia maji kusawazisha msingi, upime kona nne za boti. Maji hayadanganyi. Andika vipimo ukutani. Ng'oa boriti moja tu, jenga mpya, iache ikauke kabisa, pima tena kwa maji, ndipo uiguse ya pili. Na kabla ya kung'oa ubao wa tablo, kata katoni nene ifuate mlalo wake. Kwa kawaida tablo inalala nyuma kama digrii 12, na motere inahitaji mlalo huo huo.

Motere, rangi na viti vipya vitangoja. Fedha ya kwanza ni ya mifupa.

Fundi Karosri

Naunga mkono Papa, naongeza kuhusu dawa, kwa sababu rezini ndiyo kazi yangu ya kila siku kwenye bampa na kabini za malori.

Rezini ya poliesta, ile ya kawaida, inagandishwa na kigumishaji, ile diriseri ya chupa ndogo. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2. Usikadirie kwa jicho. Nenda farmasi ununue sindano za mililita 10, na kwa kilo moja ya rezini tia mililita 10 jua likiwa kali, 15 asubuhi ya baridi. Changanya nusu kilo kwa mara moja, isizidi. Ukichanganya kilo tatu kwenye ndoo, joto linakosa pa kutokea, ndoo inaanza kutoa moshi na plastiki inayeyuka mkononi. Mimina kwenye sinia pana, utapata dakika nyingi zaidi za kufanya kazi.

Anza saa tatu asubuhi, umalize saa nane. Hapa Goma jioni baridi inashuka, rezini inabaki inanata usiku kucha, na umande unaiharibu.

Kigumishaji kikiruka jichoni kinaweza kukupofusha. Vaa miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Kikikuingia, osha dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Na ukinunua rezini ambayo haijatiwa kobalti, kobalti inachanganywa na rezini kwanza. Kobalti na kigumishaji visikutane peke yao hata tone, vinalipuka.

Ile mikwaruzo ya lava na nyufa za buibui ni kazi ndogo: safisha, jaza mastiki ya gari, msasa, rangi. Siku mbili.

Papa wa Muhumba

Fundi, aksanti, sindano za farmasi ni neno la dhahabu. Lakini kwa mastiki ya gari chini ya maji siafiki. Mastiki ile ni rezini iliyojaa unga wa talki, na unga huo unanyonya maji polepole. Juu ya mstari wa maji, sawa. Chini, baada ya mwaka itavimba na kubanduka kama gamba. Pale nyuzi zinapoonekana, asage kingo ziwe mteremko, mara 12 ya unene: ganda la milimita 5, mteremko wa sentimita 6 kila upande. Kisha ajaze tabaka kwa tabaka, kipande kidogo kwanza, kikubwa juu. Na nyufa za buibui kwenye kona zimetokea kwa sababu kona zinanepa. Mifupa ikirudi, zitakoma kuongezeka.

Fundi Karosri

Chini ya maji nakubali, Papa. Mimi natengeneza vitu vya barabarani.

Kijana wa Himbi

Nimerudi. Aksanti kwa wote. Yule wa motere nimemwambia hapana, ingawa usiku huo sikulala vizuri.

Jumapili nimegonga boti yote. Nilidhani sitatofautisha sauti, lakini baada ya dakika kumi sikio lilizoea. Ni kama kusikiliza spika ya simu iliyopasuka. Tablo nzima inalia *bu*, isipokuwa kipande cha juu upande wa kulia. Sakafu, nusu ya nyuma yote.

Nimetoboa matundu tisa kwenye tablo. Mawili ya juu yalitoa unga mkavu. Saba yalitoa uji mweusi, na harufu ni ile ile Papa aliyosema. Tundu la chini kabisa lilianza kudondosha maji ya rangi ya chai. Niliweka chupa ya nusu lita chini yake. Asubuhi ilikuwa imejaa. Boti haijaguswa na mvua kwa siku tisa.

Boriti ya katikati ni nzima, unga mweupe mbele hadi nyuma. Za pembeni zote mbili zimeoza. Nafasi kati yake imejazwa povu la manjano, gumu kwa juu, lakini nilipokata kipande na kukiminya, maji yalichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilikata mche wa sentimita 10 kila upande nikaupima kwenye mizani ya jirani anayeuza unga: gramu 610.

Papa, hiyo ni kawaida?

Papa wa Muhumba

Mche huo ni lita moja. Povu jipya la namna hiyo lina kama gramu 32 kwa lita, maana hupimwa kilo 32 kwa mita moja ya ujazo. Toa hizo, gramu 578 zilizobaki ni maji. Sasa piga hesabu: ikiwa chini ya sakafu kuna lita 300 za povu, unabeba kilo 170 za maji ambayo hayatoki hata ukiipindua boti. Ndiyo maana vijana wanane walishindwa.

Povu hilo lote litoke. Usiliache hata kipande kwa huruma. Lilikuwa limekalia boriti zako kama kitambaa kibichi miaka mitano, sita.

Habari njema ni kubwa: boriti ya katikati nzima! Hiyo itashika umbo la tumbo wakati unabadilisha za pembeni. Mimi sikuwa na bahati hiyo.

Tablo ifungue kutoka ndani. Kata ngozi ya faiba ya ndani, ukiacha ukingo wa sentimita 5 kuzunguka, uchimbe ubao uliooza kwa patasi hadi ufikie ngozi ya nje. Ngozi ya nje usiitoboe, ndiyo kalibu yako. Kisha ngoja. Turubai juu, pande mbili wazi upepo upite, wiki mbili au tatu za kiangazi hiki. Faiba iliyoloa haishiki rezini. Inaonekana imeshika, baada ya miezi sita inaachia.

Ubao mpya: tripleksi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja. Ukishaongeza faiba ya pande mbili utapata unene wa milimita 40 na kitu, unatosha kwa motere ya 40. Kabla ya kuubandika, uloweshe kwa rezini nyepesi pande zote, na kingo mara tatu, maana maji yanaingilia kwenye kingo. Kila tundu la boliti litoboe kubwa kuliko boliti, lijaze rezini yenye nyuzi zilizokatwakatwa, likikauka litoboe upya kwa kipimo chake. Hivyo boliti haigusi mbao kabisa. Kwa kuziba kichwa chake tumia ile gundi nyeusi ya vioo vya gari, ya poliuretani.

Boriti usitumie mkaratusi, unajipinda. Tumia mbao ya libuyu, kavu, iliyokaa dukani muda mrefu.

Mama wa Kituku

Mtoto wangu, mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mambo ya rezini siyajui. Lakini ziwa nalijua, navuka tangu nikiwa msichana.

Mjue kwamba tarehe 3 Oktoba 2024 nilikuwa bandari ya Kituku, hapa Goma. Boti kutoka Minova ilipinduka watu wakiwa wanaiona, karibu kabisa na kufika. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa kwa vita, watu wote wakawa wanapita majini, imebeba kupita kiasi. Kuna wanawake niliokuwa nauza nao meza moja ambao hawapo. Tangu siku hiyo kila mtu akiniambia neno boti, namwuliza: ikijaa maji, itabaki juu au itazama?

Nimesoma unatoa lile povu. Utaweka nini badala yake? Na jile, koti la kuelea, utanunua lini, ya mwisho, fedha ikibaki? Nunua ya mama yako kabla ya rangi.

Kijana wa Himbi

Mama, pole sana. Mungu awapumzishe.

Sikuwa nimewaza kuhusu povu. Povu jipya nimeuliza bei, siliwezi.

Papa wa Muhumba

Mama ameuliza swali lililo kuu kuliko yote niliyoandika mimi.

Jibu liko kwenye kila nyumba ya Goma: bidoni ya manjano ya lita 20. Ikiwa imefungwa vizuri na kuzamishwa, inasukuma maji lita 20, yaani inainua kilo 20, ukitoa uzito wake wa kilo moja, inabaki 19. Bidoni 20 zinainua kilo 380. Ganda la faiba likiwa ndani ya maji linapungua uzito sana, mbao inaelea yenyewe. Kitu kinachovuta chini kwa kweli ni motere na betri. Kwa hiyo 20 zinatosha, na zinabaki kilo nyingi za watu kushikilia.

Ila zipange sawasawa. Zote zikikaa chini katikati, boti iliyojaa maji itageuka tumbo juu. Nyingi ziweke pembeni, juu kadiri unavyoweza, chini ya kingo na chini ya benchi, chache tu chini ya sakafu. Zifunge kwa mikanda ya mpira wa tairi zisihame. Vifuniko vipakwe gundi ya vioo. Na chini yake acha njia, mfereji ulio wazi kutoka mbele hadi nyuma, na tundu la kutolea maji lenye kizibo kwenye tablo. Povu lilikuzuia kuona maji. Bidoni unaitoa, unatazama, unairudisha.

Na tangu leo boti ikiwa nchi kavu, pua juu, kizibo nje.

Motere wa Bandarini

Bidoni zisiwe za petroli. Hata ukiziosha mara ngapi, mvuke unabaki, na betri iko hapo karibu. Tafuta za mafuta ya kupikia.

Kijana wa Himbi

Nimepiga hesabu upya, naomba mnisahihishe.

Rezini kilo 35 na kigumishaji chake, dola 210. Nimefuata kanuni ambayo Fundi Karosri alinipa kwa simu: faiba ya mati (mkeka wa nyuzi) ya gramu 450, kila mita ya mraba inakunywa kilo 1 ya rezini na zaidi kidogo, na tabaka moja linatoa kama milimita moja. Mati na ile faiba ya kufumwa, dola 90. Tripleksi tatu za milimita 18, dola 135. Zitakuja na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kutoka Birere, nimeshaongea na mwenye chukudu. Libuyu, dola 40. Diski, msasa, kashene (barakoa) nzito, glavu, miwani, sindano, dola 60. Jile sita, dola 90. Ya mama nimeshainunua jana, ya rangi ya chungwa, ina filimbi. Jumla 625. Zinabaki 75, sizigusi.

Tablo nimepima: sentimita 51. Mguu mrefu, kaka Motere.

Motere itakuwa mwakani. Nimemwambia mama. Amesema amevuka na zile za mbao miaka arobaini, mwaka mmoja haumshindi, na akauliza kama viti vitakuwa na mahali pa kuegemea mgongo.

Boti iko juu ya matairi kumi tangu jana, imesawazishwa kwa mpira wa maji, vipimo viko ukutani kwa chaki. Povu limetoka lote, magunia 11. Bila povu vijana sita tumeiinua. Jumamosi nakata tablo. Swali moja: pale tablo inapokutana na tumbo kuna pembe kali. Naweka faiba hivyo hivyo, nikiisukuma iingie kwenye pembe?

Papa wa Muhumba

Hapana. Faiba haikunjiki kwenye pembe kali, inaruka na kuacha hewa nyuma yake, na maji yatajificha humo. Changanya rezini na nyuzi zilizokatwakatwa hadi iwe nzito kama bugali laini, ijaze kwenye pembe, kisha upitishe mgongo wa kijiko cha supu kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkono mmoja, bila kusimama. Utapata mviringo mzuri kama ndani ya bakuli. Kabla haujakauka kabisa, ukiwa bado unashika kidole kidogo, laza mati juu yake. Tabaka la kwanza lipande sentimita 10 kila upande, la pili 15, la tatu 20, ili uzito wa motere usisimame mahali pamoja.

Hewa itoe kwa brashi ukigonga-gonga, usipake kama rangi. Mati ikiwa imekunywa vizuri, weupe wote unatoweka na unaona ubao chini yake. Penye doa jeupe pana hewa.

Ukishachimba mbao iliyooza, kabla ya kupaka kitu chochote, piga picha ya ngozi ya nje ukiwa umeweka taa nyuma yake, usiku. Mwanga unapita kwenye faiba. Palipoachana patakuwa na kivuli. Nitumie Jumamosi jioni. Umeme ukiwepo huku Bukavu, saa mbili nitakuwa nimekaa nangoja.